Naomi Datta na Usugu Unaohama: Mtafiti Ambaye Kazi Yake Husomwa Kila Siku Bila Jina Lake

Daktari anapochukua damu ya mtoto mchanga mwenye homa na kuipeleka maabara ili vimelea vioteshwe, majibu kamili huchukua siku mbili au tatu kurudi. Karatasi inayorudi wodini huwa fupi. Hutaja jina la bakteria aliyeota, kisha hufuata orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa alama ya kuonyesha kama inamuua bakteria huyo au ameizoea. Wakati mwingine fundi huongeza mstari mmoja chini, kwamba bakteria huyu anatengeneza vimeng'enya vya kuharibu sefalosporini nyingi. Mstari huo hubadilisha tiba ya usiku ule. Seftriaksoni, tegemeo la wodi nyingi, huwekwa kando na dawa nyingine hutafutwa, mara nyingi ya gharama kubwa zaidi.

Karatasi hiyo haimtaji Naomi Datta. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maarifa yanayoufanya mstari ule ueleweke ilipita mikononi mwake, katika maabara ya hospitali moja ya London, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950. Maisha yake ya utafiti yana mafunzo mawili kwa wahudumu wa afya na wagonjwa. La kwanza linahusu namna usugu wa dawa unavyosafiri. La pili linahusu namna ulimwengu wa sayansi unavyopima thamani ya kazi ya mtu.

Daktari aliyegeukia urithi wa bakteria

Naomi Datta alizaliwa London mwaka 1922. Alisomea udaktari na kuhitimu mwaka 1946, mwaka uleule ambao Wamarekani Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha kwamba bakteria wanaweza kukutana na kupeana jeni. Hadi wakati huo wengi waliamini kwamba bakteria hurithisha tabia zake kwa njia moja tu, yaani kwa kugawanyika na kuwaachia wazao wake kila alicho nacho. Ugunduzi wa Lederberg na Tatum ulifungua njia ya pili: jirani kumpa jirani.

Baada ya kufanya kazi ya bakteriolojia katika maabara za afya ya jamii nchini Uingereza, Datta alihamia mwaka 1957 katika Shule ya Kifalme ya Uzamili ya Tiba, iliyokuwa katika Hospitali ya Hammersmith, magharibi mwa London. Alibaki hapo hadi alipostaafu mwaka 1984, akiwa profesa wa jenetiki ya vijidudu. Mahali hapo palimfaa. Alikuwa daktari kwa mafunzo, na bakteria aliowachunguza walitoka kwa wagonjwa waliolazwa katika jengo lilelile. Swali la wodini na swali la maabara kwake yalikuwa swali moja.

Mlipuko wa mwaka 1959

Mwaka 1959 hospitali hiyo ilipata mlipuko wa maambukizi ya tumbo uliosababishwa na bakteria aina ya *Salmonella typhimurium*. Datta alikusanya zaidi ya sampuli 300 za bakteria huyo na kuzipima moja baada ya nyingine. Bakteria wa mwanzo wa mlipuko walikuwa wakiuawa na dawa kama ilivyotarajiwa. Baadaye walijitokeza wachache waliokuwa sugu, na baadhi yao walistahimili dawa zaidi ya moja kwa pamoja: streptomisini, tetrasaiklini na dawa za salfa.

Jambo hilo halikuwa rahisi kulieleza kwa nadharia ya zamani. Badiliko la bahati nasibu katika jeni linaweza kumpa bakteria ulinzi dhidi ya dawa moja. Kupata mabadiliko matatu tofauti, ndani ya mlipuko mmoja na kwa muda mfupi, ni bahati isiyosadikika.

Jibu lilikuwa limeshaanza kupatikana mbali na Uingereza. Nchini Japani, madaktari waliokuwa wakipambana na ugonjwa wa kuhara damu waligundua kwamba bakteria wa Shigella waliweza kupokea usugu wa dawa kadhaa kwa mara moja kutoka kwa bakteria wengine wa utumboni. Matokeo hayo yalichapishwa kuanzia mwaka 1959, lakini kwa Kijapani, na kwa muda hayakusomwa sana nje ya nchi hiyo. Ni mpaka mwaka 1963, Tsutomu Watanabe alipoandika mapitio marefu kwa Kiingereza, ndipo wanasayansi wengi wa Magharibi walipotambua uzito wake.

Datta hakungoja mapitio hayo. Alifanya jaribio ambalo fundi yeyote wa maabara ataweza kulifuata. Alichanganya bakteria sugu wa Salmonella na bakteria wa *Escherichia coli* wasio na usugu katika mchuzi mmoja wa kukuzia vimelea, kisha akawatandaza kwenye sahani zenye dawa. *Escherichia coli* ambao dawa ilipaswa kuwaua sasa waliota. Walikuwa wameupokea usugu kutoka kwa bakteria wa jamii nyingine. Makala aliyoichapisha mwaka 1962 ilikuwa miongoni mwa ushahidi wa kwanza nje ya Japani kwamba usugu wa dawa unaweza kuhama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine.

Kinachohama huitwa plasmidi, neno lililotungwa na Lederberg mwaka 1952. Plasmidi ni pete ndogo ya vinasaba inayoishi ndani ya bakteria, nje ya kromosomu yake kuu. Hujinakili yenyewe, na nyingi zina uwezo wa kujenga daraja kati ya bakteria wawili na kupeleka nakala upande wa pili. Mtoaji hapotezi chochote, kwani hubaki na nakala yake. Kwa njia hiyo usugu huenea kama habari za mtaani: anayesimulia haisahau, na anayesikia huenda kuisimulia kwingine.

Herufi tatu kutoka Athens

Mapema katika miaka ya 1960 ampisilini ilianza kutumika. Ilipokewa kwa furaha kwa sababu iliwaua bakteria wengi wa utumboni ambao penisilini ya awali haikuwaweza. Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1965 Datta, pamoja na Polyxeni Kontomichalou wa Athens, walichapisha katika jarida la *Nature* ushahidi kwamba plasmidi zilikuwa zimeanza kusafirisha jeni la kutengeneza kimeng'enya kinachoivunja ampisilini.

Moja ya plasmidi hizo ilitoka katika bakteria wa mgonjwa wa Ugiriki. Kimeng'enya chake kikapewa jina la TEM, yaani herufi tatu za mwanzo za jina la mgonjwa huyo. Tangu hapo kimeng'enya hicho kimezaa ukoo mkubwa. Katika miaka ya 1980, sefalosporini mpya zilipoenea hospitalini, mabadiliko madogo katika jeni la TEM yaliwapa bakteria uwezo wa kuziharibu nazo. Kila aina mpya ilipogunduliwa ilipewa namba, na leo namba hizo zimepita 200.

Plasmidi nyingine iliyoelezwa katika kazi ya mwaka huo, iitwayo R1, ilipata maisha ya pili ambayo hakuna aliyeyatarajia. Jeni la usugu wa ampisilini lililotokana na R1 lilitumiwa na wanasayansi wa Marekani kuunda plasmidi ya maabara iitwayo pBR322, iliyotangazwa mwaka 1977. Plasmidi hiyo ikawa chombo cha kazi katika maabara nyingi za jenetiki duniani. Mtafiti akitaka kujua ni bakteria gani amepokea jeni alilompa, humwekea ampisilini. Atakayebaki hai ndiye mwenye mzigo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 pBR322 ilitumika katika kazi ya kuwafanya bakteria watengeneze insulini ya binadamu. Jeni lilelile linalomponyoka daktari wodini likawa mtumishi katika safari ya kumpatia mgonjwa wa kisukari dawa yake.

Mafahali wawili hawakai zizi moja

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 plasmidi za usugu zilikuwa zimepatikana kwa wingi kiasi kwamba zilihitaji mpangilio. Datta na mwenzake Robert Hedges waliuona mpangilio huo katika tabia moja ya plasmidi zenyewe. Plasmidi mbili zinazotumia utaratibu mmoja wa kujinakili haziwezi kudumu pamoja ndani ya bakteria mmoja. Baada ya vizazi vichache moja hutoweka. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na plasmidi nazo zina mazizi yao.

Kwa kujaribu ipi inamfukuza ipi, Datta na Hedges walizigawa plasmidi katika makundi. Kazi hiyo ilidai subira kubwa, maana kila plasmidi mpya ilipaswa kukutanishwa na zile zilizokwisha kujulikana. Faida yake ilikuwa ya kitabibu. Bakteria wa hospitali mbili wanaweza kuwa wa jamii tofauti kabisa, lakini wakikutwa na plasmidi ya kundi moja yenye jeni zilezile, mchunguzi ana sababu ya kushuku kwamba mlipuko ni mmoja na kinachosafiri ni plasmidi.

Mwaka 1972 wawili hao walionyesha kwamba usugu dhidi ya trimethoprimu nao ulikuwa umepanda kwenye plasmidi, ikiwa ni miaka michache tu tangu dawa hiyo ianze kutumika Uingereza. Trimethoprimu ni nusu ya kotrimoksazoli, dawa ambayo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki huijua kwa jina la Septrini.

Ushahidi wa kabla ya dawa

Swali moja lilibaki: plasmidi hizi zilitoka wapi? Je, zilizaliwa kwa sababu ya dawa, au zilikuwapo tangu zamani?

Jibu lilihitaji bakteria wa zamani, na kwa bahati njema walikuwapo. E. G. D. Murray, mtaalamu wa bakteriolojia aliyefanya kazi Kanada, alikuwa amehifadhi mamia ya bakteria waliokusanywa kati ya mwaka 1917 na 1954, wengi wao kabla ya antibiotiki kutumika hospitalini. Datta na Victoria Hughes waliwachunguza bakteria 433 kutoka hazina hiyo, wakachapisha matokeo mwaka 1983. Karibu robo yao walikuwa na uwezo wa kuhamisha vinasaba kwenda kwa bakteria wengine, na plasmidi zao zilikuwa za makundi yaleyale yanayoonekana leo. Kilichokuwa nadra ni jeni za usugu wa dawa.

Maana yake ni nzito. Magari yalikuwa barabarani kabla ya dawa. Binadamu alipoanza kutumia antibiotiki kwa wingi, jeni za usugu zilipanda magari hayo, na kila matumizi ya dawa yaliwapa nafasi wale waliokwisha kupanda. Kilichobadilika ndani ya kizazi kimoja ni mzigo, na aliyesababisha ukapakiwa ni mtumiaji wa dawa.

Thamani ya kazi hupimwaje?

Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza kutengenezwa kwa faharasa ya marejeo, yaani orodha ya kuonyesha ni makala gani imetajwa na makala zipi zilizofuata. Katika miaka ya 1960 orodha hiyo ikawa chapisho la kudumu. Shabaha yake ya awali ilikuwa kumsaidia mtafiti kufuata wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Polepole ikageuka kuwa mizani ya kupimia watu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h: mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imetajwa angalau mara 20. Leo vyuo vikuu vingi hutazama namba kama hizo vinapoajiri, kupandisha vyeo au kugawa fedha za utafiti.

Namba hizo zina manufaa, lakini kazi ya Datta inaonyesha zinapoishia. Mtafiti anayeandika leo kuhusu bakteria mwenye kimeng'enya cha TEM hana haja ya kurejea makala ya mwaka 1965, kwa kuwa TEM imekwisha kuwa msamiati wa kawaida. Vivyo hivyo kwa makundi ya plasmidi. Mwaka 2005 Alessandra Carattoli na wenzake walitangaza njia ya kuyatambua makundi hayo kwa kipimo cha vinasaba, na mwaka 2014 ikafuata programu ya kompyuta inayoyatafuta ndani ya mfuatano wa jeni. Anayeitumia programu hiyo huitaja programu. Majina ya makundi anayoyasoma kwenye kioo cha kompyuta yanaendeleza mpangilio ambao Datta na Hedges waliusimika kwa sahani za kuoteshea vimelea, lakini chanzo hicho si lazima kitajwe.

Mwanasosholojia Robert Merton aliieleza hali hii zamani: wazo linaweza kufanikiwa sana hata likamezwa na elimu ya kawaida, na chanzo chake kikafutika. Hakuna anayemtaja aliyegundua mzunguko wa damu kila anapopima shinikizo la damu. Kwa mantiki hiyo, kupungua kwa marejeo huweza kuwa dalili ya kazi iliyozama hadi kwenye msingi wa jengo.

Mfano wa Japani nao una somo. Ugunduzi uliochapishwa kwa lugha ambayo wenye faharasa hawakuisoma ulibaki kando kwa miaka kadhaa, huku wagonjwa wa nchi nyingine wakiendelea kupewa dawa kana kwamba haukuwapo. Thamani yake ilikuwa ileile kabla na baada ya kutajwa. Kilichoongezeka ni wasomaji.

Wanasayansi wenyewe wameanza kujirudi. Tamko lililoandaliwa San Francisco mwaka 2012 liliwataka wanaotathmini watafiti wasome kazi yenyewe badala ya kutegemea hadhi ya jarida ilimochapishwa. Datta alipata heshima yake mwaka 1985 alipochaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, chama kikongwe cha wanasayansi wa Uingereza, ambako wanachama huchaguliwa na wanasayansi wenzao. Alifariki mwaka 2008.

Kutoka Athens hadi Dar es Salaam

Mwaka 2005 kilichapishwa utafiti kuhusu watoto waliolazwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, wakiwa na maambukizi ya bakteria katika damu. Miongoni mwa bakteria walionaswa walikuwamo wenye vimeng'enya vya kuharibu sefalosporini. Jeni mbili zilizotambuliwa zilikuwa CTX-M-15 na TEM-63. Kati ya watoto walioambukizwa bakteria wenye vimeng'enya hivyo, asilimia 71 walifariki. Kati ya wale ambao bakteria wao hawakuwa navyo, walifariki asilimia 39.

Herufi tatu zilizoandikwa Athens zilikuwa zimefika katika wodi ya watoto ya Dar es Salaam, na namba 63 ikionyesha umbali wa safari. Hakuna faharasa ya marejeo inayoweza kuhesabu mrejeo wa aina hiyo, ingawa kwa familia za watoto wale hakuna uliokuwa na uzito zaidi.

Tatizo hilo ni la dunia nzima. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 walifariki moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu, na Afrika Kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa zaidi ikilinganishwa na idadi ya watu wake.

Yatupasayo kufanya

Yaliyogunduliwa Hammersmith yanageuka kuwa wajibu wodini na nyumbani.

Kwa mhudumu wa afya, jambo la kwanza ni mikono. Ikiwa usugu huhama kati ya bakteria wa jamii tofauti, basi mgonjwa anayeonekana hana maambukizi anaweza kuwa amebeba plasmidi utumboni mwake. Kunawa au kupaka kitakasa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa hukata safari ya bakteria pamoja na mizigo yao. La pili ni kuchukua sampuli ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki, pale maabara inapopatikana na hali ya mgonjwa inaporuhusu, kisha kuyasoma majibu na kubadili tiba kulingana nayo. La tatu ni kukumbuka kwamba plasmidi moja mara nyingi hubeba usugu wa dawa kadhaa. Kwa hiyo dawa moja ikitumiwa ovyo huweza kulinda na kukuza usugu dhidi ya nyingine ambazo mgonjwa hajawahi kuzimeza.

Kwa mgonjwa, funzo linaanzia tumboni. Mafua na kikohozi cha kawaida husababishwa na virusi, ambavyo antibiotiki haiviui. Anayemeza ampisilini kwa sababu ya mafua huwaua bakteria wema wa utumboni wasio na usugu, na kuwaachia uwanja wenye plasmidi. Siku atakapopata maambukizi ya kweli, wavamizi watakuta hazina ya usugu ikiwasubiri. Ndiyo maana antibiotiki hazipaswi kununuliwa dukani bila maelekezo ya daktari, kugawana na jirani, wala kuwekwa akiba kwa ajili ya homa ijayo. Dozi ifuatwe kama ilivyoandikwa, na mgonjwa asione haya kumuuliza daktari, "Je, ugonjwa huu unahitaji antibiotiki kweli?"

Swali hilo likiulizwa na kujibiwa kwa uaminifu, kazi ya Naomi Datta itakuwa imetumika tena katika chumba cha daktari, bila yeyote kulazimika kulitaja jina lake.